Walituomba Damu kwa Kiswahili, Watupe Majibu kwa Kiswahili

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka gazeti la chama chetu hujaa insha za mazingira, dawa za kulevya na nidhamu shuleni. Si vibaya. Lakini mwaka huu naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni, nalo linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kuliko wanachama wa chama kingine chochote hapa shuleni. Jambo lenyewe ni utafiti wa matibabu. Maoni yangu ni haya: utafiti uliofanywa kwa damu yetu na kwa watoto wetu, matokeo yake sharti yarudi kwetu kwa lugha tunayoielewa. Yasiporudi, uvumi huchukua nafasi yake, na uvumi huua.

Najua kuna atakayeuliza, "Kwani utafiti na Kiswahili vinakutana wapi?" Subiri kidogo ndugu yangu, tutafika.

Sisi wa Kilifi tunaishi karibu na watafiti kuliko Wakenya wengi. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, ambayo kila mtu huiita KEMRI, ilianza kazi hapa Kilifi na washirika wake wa Uingereza mwaka wa 1989. Wengi wetu hatujazaliwa, hata baadhi ya walimu wetu walikuwa bado wanavaa kaptura za shule. Hata hivyo, nenda sokoni leo ukaulize watafiti hufanya nini. Wapo watakaokueleza vizuri sana. Wapo pia watakaokujibu kwa neno moja tu: mumiani. Kwa wasomaji wa bara, mumiani ni yule mnyonya damu wa hadithi za zamani za pwani, ambaye husemekana huzunguka usiku akitafuta watu awatoe damu akaiuze. Nyanya zetu walitishwa naye ili wasitembeetembee usiku. Leo gari geni likipita kijijini magharibi, bado kuna mtoto atakayetimua mbio.

Tusiwacheke watu hawa. Hebu fikiri. Mtu amekuja nyumbani kwako, amekuomba damu ya mwanao, umempa. Ameondoka. Mwaka umepita, miaka mitano imepita, hujaambiwa damu ile ilionyesha nini. Wewe utadhani nini? Pengo lisilojazwa na ukweli hujazwa na jambo lolote lile linalopita karibu.

Na hapo ndipo ninapoona tatizo letu. Uvumi huzungumza Kiswahili, tena Kiswahili fasaha, chenye methali na kicheko. Unapanda matatu, unakaa kwenye foleni ya maji, unaingia jikoni. Matokeo ya utafiti nayo yameandikwa kwa Kiingereza kigumu, yakachapishwa katika majarida ya London au Boston. Mashindano kama hayo nani atashinda?

Kabla sijaendelea, nieleze kwa ufupi utafiti wa matibabu hufanywaje, maana wengi wetu hudhani ni kujaribu dawa kwa watu kama panya. La hasha! Wale mnaosoma Kilimo mtanielewa upesi. Ukitaka kujua kama mbolea mpya ni nzuri, huitii shamba zima ukasema "naona mahindi yamependeza". Pengine mvua ilikuwa nzuri tu. Unagawa shamba vipande viwili vyenye udongo sawa, kimoja unatia mbolea mpya, kingine unatia ile ya zamani, halafu wakati wa kuvuna unapima magunia. Na kwa binadamu ni vivyo hivyo. Watu hugawanywa katika makundi kwa njia ya bahati nasibu, ili daktari asije akawapa wagonjwa anaowapenda dawa anayoipenda. Kila mmoja huelezwa kwanza na kutia sahihi au alama ya dole gumba kwamba amekubali. Kamati ya maadili hukagua mpango wote kabla haujaanza. Na mtu anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Sasa nitaje tafiti chache ambazo zilifanywa kwetu, ili mwone ni hazina gani tunayoikalia bila kujua.

Ya kwanza ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mtoto akiletwa hospitalini na homa kali, mikono na miguu ni baridi, anahema kwa shida au hana fahamu, madaktari katika nchi tajiri walizoea kumtundikia dripu ya maji mengi, tena kwa haraka, ili damu izunguke. Lilionekana jambo la busara. Nani angepinga maji? Lakini watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyefanya kazi hapa Kilifi, waliamua kupima badala ya kudhani. Walishughulikia watoto 3,141 katika hospitali 6: moja Kenya, nne Uganda na moja Tanzania. Makundi mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili, na kundi la tatu likapewa maji polepole, ya kutosha mahitaji ya mwili tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka, 10 au 11 walifariki katika saa 48 za kwanza. Katika kundi la polepole walifariki 7. Yaani tiba iliyoaminiwa ilikuwa ikiua.

Ninaupenda utafiti huu kwa sababu unaonyesha kuwa kazi ya utafiti si kuuza dawa. Kazi yake ni kusema kweli, hata kama ukweli huo unamwaibisha daktari na kitabu chake. Na ukweli huo haukutoka Ulaya kuja Afrika, ulitoka kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza ukaenda Ulaya. Je, ni wangapi kati yetu tuliowahi kusikia habari hizi? Mimi nilizisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na sita, ilhali utafiti wenyewe ulimalizika nikiwa mtoto mchanga.

Lakini hapa pana onyo, na naomba msilipite mbio. Watoto wanaoharisha hawakuwemo katika utafiti ule. Mtoto anayeharisha na kukaukiwa anahitaji maji, na akikawia kuyapata atakufa. Sasa piga picha habari hii ikipita sokoni nusunusu: "Watafiti wamesema maji ya dripu yanaua." Mama mwenye mtoto wa kuhara atakataa dripu, na mtoto atapotea. Nusu ya habari ni sumu. Kwa hivyo ninaposema matokeo yaje kwa Kiswahili, sina maana ya kutafsiri kijuujuu. Nina maana ya Kiswahili kinachosema nani alipimwa, nani hakupimwa, na jambo gani halikuthibitishwa.

Utafiti wa pili unatuhusu sisi wasichana moja kwa moja. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi, na kuna chanjo ya kuvizuia. Serikali ya Kenya ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Wakati huo wengi wetu wa Kidato cha Tatu tulikuwa bado shule ya msingi. Nyote mnakumbuka maneno yaliyozagaa. Ati ni chanjo ya kutufunga uzazi. Ati tutakapoolewa hatutapata watoto. Siku ya chanjo madawati yalibaki matupu, maana wazazi wengine waliwaficha mabinti zao nyumbani. Mama yangu naye alikuwa na shaka. Kilichomwondolea shaka ni jirani yetu mmoja muuguzi, aliyekaa jikoni kwetu na kumweleza kwa Kigiriama na Kiswahili mpaka chai ikachemka. Hakutumia karatasi wala kompyuta. Alijibu maswali tu. Mama akasema, "Basi kumbe ni hivyo," na mambo yakaisha.

Swali lililobaki lilikuwa: sindano ngapi zinatosha? Utafiti wa kulijibu swali hilo ulifanywa hapahapa Kenya, katika vituo vya Kisumu, Nairobi na Thika, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Daktari Nelly Mugo wa KEMRI. Walioshiriki walikuwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, yaani wenzetu kabisa. Makundi mawili yalichanjwa dhidi ya virusi vile mara moja tu, na kundi la tatu likapewa chanjo ya ugonjwa mwingine, homa ya uti wa mgongo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2022. Baada ya miezi 18, maambukizi ya kudumu ya aina mbili za virusi zinazoongoza kwa kuleta saratani hiyo yalionekana kwa wasichana 38. Thelathini na sita kati yao walikuwa katika kundi ambalo halikuchanjwa dhidi ya virusi hivyo. Katika yale makundi mawili yaliyochanjwa alikuwa mmoja kwa kila kundi. Hiyo ni kinga ya zaidi ya asilimia 97 kwa sindano moja! Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja.

Wasichana wenzangu, dunia nzima ilijifunza jambo hilo kutoka kwa Wakenya wa umri wetu. Ingekuwa ni mbio za Olimpiki tungeimba wimbo wa taifa. Lakini kwa kuwa ni utafiti, na umeandikwa kwa Kiingereza, ule uvumi wa kufungwa uzazi bado unatembea vijijini ukiwa na afya njema kabisa.

Utafiti wa tatu ni wa akina mama wanaojifungua. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni kati ya mambo yanayowaua mama wengi zaidi. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi wakunga na madaktari walikadiria damu kwa macho tu: mashuka yameloa, sakafu imeloa, basi. Mwaka wa 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wenye wanawake zaidi ya 210,000. Hospitali za kundi moja zilipewa kitambaa cha plastiki chenye mfuko na alama za vipimo, ambacho hutandikwa chini ya mama, damu ikakusanyika humo na kiasi chake kikaonekana. Damu ikizidi, hawangoji. Hapo hapo hufanya mambo yote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, kutoa dawa ya kuukaza, dawa ya kusaidia damu igande, dripu, na kumchunguza mama damu inatoka wapi. Katika hospitali hizo waligunduliwa mama 93 katika kila 100 waliovuja damu kupita kiasi. Katika hospitali zilizofuata mtindo wa zamani waligunduliwa 51 tu. Na wale waliopatwa na madhara makubwa walipungua kutoka karibu 4 kwa kila 100 hadi chini ya 2.

Nauliza, ni lazima mtu awe daktari ili aelewe jambo hilo? Kitambaa chenye alama, kama kikombe cha kupimia uji. Baba anayempeleka mkewe kujifungua akijua habari hii, anaweza kuuliza kwa heshima, "Sista, mna kile kitambaa cha kupimia damu?" Mwakilishi wa wadi akijua, anaweza kuuliza katika bunge la kaunti kwa nini zahanati zake hazina. Asiyejua hawezi kuuliza. Ndiyo maana nasema kwamba kujua matokeo ni haki, si zawadi. Mtu huwezi kudai kitu usichojua kipo.

Utafiti wa nne unanigusa nyumbani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana ugonjwa wa selimundu. Neno hilo ni zuri sana, hebu litazameni: seli, halafu mundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara, hupinda kama mundu wa kukatia majani, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Mtoto hulia usiku kucha akishika miguu. Kijijini walimwita mtoto wa kufa. Shangazi alipoandikiwa tembe za haidroksiyurea katika kituo kimoja cha afya, hakuna aliyekaa naye akamweleza. Karatasi iliyokuwa ndani ya kisanduku ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo kama sisimizi. Mtu mmoja akamnong'oneza kwamba hizo ni dawa za saratani, zitaharibu damu ya mtoto. Ni kweli kwamba dawa hiyo hutumika pia katika baadhi ya saratani, lakini ile sehemu nyingine ya habari hakuambiwa. Akaziweka juu ya kabati. Kwa miaka miwili binamu yangu aliingia na kutoka hospitalini, akaongezewa damu mara mbili, akarudia darasa.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na hapa Kenya. Na kituo cha Kenya kilikuwa wapi? Kilifi! Watoto 606 walipewa dawa hiyohiyo, wakalinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuianza. Wengine walihofia kuwa dawa ingewaongezea watoto wa Afrika malaria. Ikawa kinyume: malaria ilipungua karibu nusu, maumivu yakapungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, na vifo pia. Jibu la swali la shangazi lilipatikana katika kaunti yake mwenyewe, umbali wa safari moja ya matatu. Lakini halikumfikia. Lilipita juu ya paa lake likaenda Marekani kuchapishwa. Hatimaye daktari mmoja kijana alimweleza kwa Kiswahili, pamoja na sharti la kupimwa damu mara kwa mara. Binamu yangu sasa anacheza mpira, ingawa bado tunamwangalia kwa makini.

Je, miaka ile miwili nani atairudisha? Silaumu watafiti waliofanya kazi ile nzuri. Nalaumu ile safari ambayo habari haikuisafiri.

Ningeweza kuendelea na chanjo ya malaria, ambayo majaribio yake yalifanywa Kilifi pia, na ambayo Kenya ilianza kuitoa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019. Chanjo ya pili ya malaria ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika nchi za Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka wa 2023. Katika mwaka wa kwanza iliwapunguzia watoto malaria kwa kati ya asilimia 68 na 75. Hiyo ina maana bado mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua, na neti isitupwe. Hilo nalo linataka kuelezwa kwa Kiswahili, la sivyo mtoto mmoja aliyechanjwa akiugua, mtaa mzima utasema chanjo ni uongo.

Nirudi sasa kwenye kichwa cha makala yangu. Mtu anapoombwa kushiriki katika utafiti hapa kwetu, fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili, na mahali pengine hata kwa Kigiriama. Ni vizuri, na ndivyo sheria za maadili zinavyotaka, kwa sababu ridhaa ya mtu asiyeelewa si ridhaa. Basi kama Kiswahili kinatosha kuombea damu, mbona kisitoshe kutolea majibu? Mgeni akibisha hodi kwa Kiswahili, akala kwa Kiswahili, haagi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haijui.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Wapo wanaojitahidi. Watafiti wa Kilifi wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini, hufanya mikutano na wazee, na wamekuwa wakishirikiana na shule za sekondari ili wanafunzi waone maabara. Pongezi kwao. Ninachosema ni kwamba kazi hiyo ni kubwa kuliko mikono iliyopo, na sisi tumekaa tu tukingoja watu wengine watufanyie.

Kuna pingamizi tatu ambazo nimezisikia nilipozungumza na wenzangu, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Hili hunikera kidogo. Ukimwi ulipoingia, Waswahili hawakukaa kimya wakisubiri Wazungu. Walisema upungufu wa kinga mwilini, wakafupisha, wakapata Ukimwi, na leo hakuna nyanya asiyelijua neno hilo. Selimundu nimeshaitaja. Chanjo, dozi, kinga, kifua kikuu, uti wa mgongo, yote tunayo. Lisilokuwepo tutaliazima na kulivika nguo zetu kama tulivyofanya kwa daktari na hospitali. Tatizo ni kwamba tunasoma Baiolojia kwa Kiingereza asubuhi na Kiswahili alasiri, na masomo haya mawili hayasalimiani. Mwanafunzi anapata alama 80 katika mtihani wa damu na mishipa, lakini nyanya akimuuliza nyumbani kwa nini amepungukiwa na damu, anakwama. Elimu gani hiyo inayoishia kwenye lango la shule?

Ya pili ni kwamba watu wa kawaida hawataelewa takwimu. Eti! Mama anayeuza samaki anajua kuwa katika ndoo ya samaki 100 wakioza 10 si sawa na wakioza 7. Anajua hasara yake hata kabla hujamaliza sentensi. Mkulima anajua kwamba mbegu nzuri si ile ambayo haikosi hata moja, ni ile inayoota nyingi. Takwimu wanazo, ila hatujawazungumzia kwa mizani yao.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo ilitoka kwa mwalimu wetu mmoja. Alisema mwanafunzi asiyekuwa daktari akitafsiri vibaya anaweza kuua mtu. Hapo naafiki kabisa. Ule mfano wa dripu unatosha. Lakini dawa ya kutafsiri vibaya ni kutafsiri kwa uangalifu. Tukikaa kimya, yule mnong'onezaji wa shangazi hatakaa kimya.

Sasa tufanye nini? Napendekeza mambo ambayo chama chetu kinaweza kuyaanza muhula ujao bila kuomba hata shilingi mia ya bajeti.

Kwanza, kila muhula tuchague utafiti mmoja tu uliofanywa Kenya au kwa majirani zetu. Watu watatu wauandike kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja: ulifanywa wapi, lini, kwa watu wangapi, nani hakuwemo, kilionekana nini, na kipi bado hakijulikani. Mwalimu wa Baiolojia akague ukweli, mwalimu wa Kiswahili akague lugha.

Pili, ukurasa huo usomewe mtu mmoja nyumbani ambaye hakupita shule ya msingi. Akiweza kuurudia kwa maneno yake bila kukosea, umefaulu. Asipoweza, kosa si lake, tuuandike upya.

Tatu, usomwe gwaride la Ijumaa, na tumwombe msimamizi wa zahanati auangalie na kuubandika ukutani iwapo ataridhika nao. Sisi wenyewe tusimshauri mtu yeyote anywe dawa gani au aache ipi. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kumfanya mtu aende kwa daktari akiwa na swali mdomoni.

Watafiti nao nawaomba jambo moja. Kila ripoti inayotokana na watu wetu iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe katika baraza la chifu na katika redio zetu za pwani. Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Lugha rasmi isiwe ya kuandikia mabango ya "Usitupe Taka Hapa" peke yake.

Wenzetu wa shule za bweni hutuonea huruma sisi wa kutwa. Wanasema tunachoka na safari, tunasomea koroboi, tunatumwa maji. Ni kweli. Lakini tuna kitu ambacho wao hawana. Kila jioni wanafunzi wote wa shule hii husambaa katika vijiji, kila mmoja akaingia nyumba yake, akala na watu wake, akaulizwa, "Leo mlisoma nini?" Uvumi wenyewe haujawahi kupata wasambazaji wengi kama hao. Tukiamua kwamba mara moja kwa muhula jibu letu litakuwa habari moja ya kweli kuhusu afya zetu, iliyopimwa na kuandikwa kwa lugha safi, itakuwa imefika kila nyumba kabla ya sufuria ya ugali kuepuliwa.

Wanaokubaliana nami tukutane mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao. Mimi nimeshachagua nitakaouandika: ule wa selimundu. Msomaji wangu wa kwanza nimeshampata pia. Ni shangazi, na amesema atanisahihisha.

Kwa hayo machache natia nanga.